Aliyoniambia Maureen Shambani

Kisii Mjini
13 Januari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Kifua chako kimetulia? Na mvua ya mawe imeyaacha majani ya chai salama? Mimi ni mzima, ila kazi ni nyingi.

Naandika kwa sababu siku hizi kwenye simu hatusikizani. Wewe unapaza sauti, mimi napaza sauti, na majirani wa Nyamache wanajua habari zetu kabla hatujaagana. Naandika kwa Kiswahili kama ulivyotuzoeza. Ukiona kosa, nisamehe, Mwalimu.

Chuo kimekubali utafiti wangu. Tutazunguka shule za Kisii na Nyamira tukiwauliza wanafunzi juu ya jambo lisilosemwa: watoto wanaojiumiza miili yao kwa makusudi. Wengi wao hawataki kufa. Wana uchungu ambao hawajui waupeleke wapi. Kwenye kliniki yangu hapa mjini nimewapokea kumi na wanne mwaka jana, na kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani.

Wewe ni mwenyekiti wa bodi ya shule ya Maureen. Naomba uturuhusu tuingie. Naomba pia utie sahihi fomu yake ya kuruhusu ahojiwe. Kwa kuwa mimi ni mama yake mdogo, sitamhoji mimi. Atahojiwa na mwenzangu Damaris.

Nisalimie Maureen sana. Tangu dada Drusilla atutoke, sijakaa na mtoto wake vya kutosha, na hilo linanisumbua.

Ni mimi bintiyo,
Celestine

---

Nyamache
26 Januari 2025

Kwa binti yangu Celestine,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako niliipata kwa mkono wa Okemwa wa bodaboda.

Bodi ilikaa Ijumaa. Niliwashauri wakatae, na wamekataa. Usinikasirikie. Mtoto ukimuuliza kama amewahi kujiumiza, umeshamwonyesha njia. Haya mambo si ya kwetu, ni ya simu na televisheni. Na wazee wenzangu kanisani wataniuliza kwa nini binti yangu anatembea akitafuta aibu za watu.

Maureen hana shida yoyote. Kila jioni tunachuma majani pamoja. Anazungumza, mimi naitikia, tunacheka. Tangu tumzike mama yake hajalia mbele yangu hata siku moja. Nilifundisha miaka thelathini na minne. Mtoto mwenye shida namjua kwa kumtazama tu.

Fomu nakurudishia.

Baba yako,
Ongeri

---

Kisii Mjini
17 Februari 2025

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Maureen. Nimeugua mafua, lakini sasa ni afadhali.

Uamuzi wa bodi nimeukubali. Tunaendelea na shule nyingine. Ila naomba uniruhusu nikujibu moja tu. Kumuuliza mtoto hakumfundishi. Wale ninaowauliza hushusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni. Jana msichana mmoja huko Nyamira alimwambia Damaris, "Nilikuwa nangoja tu mtu aulize."

Mtoto ambaye hajamlilia mama yake mwaka na nusu, Baba, huyo ndiye wa kuangaliwa. Ukimwona na sweta kwenye jua kali, usipite tu.

Na wewe nenda ukapimwe masikio. Krismasi nilikuuliza kama umekula, ukanijibu, "Jumanne."

Bintiyo,
Celestine

---

Nyamache
10 Juni 2025, asubuhi

Celestine,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Najua sikuijibu barua yako ya Februari. Jana shule ilimrudisha Maureen nyumbani na karatasi. Mwalimu wa michezo alimwambia avue sweta wakikimbia, akakataa. Walipomvua waliona mikono yake. Na mimi nimeiona. Kuna makovu ya zamani na vidonda vya juzi.

Nilimchapa. Naandika nisije nikakuficha. Nilichukua fimbo nikamchapa mtoto wa Drusilla juu ya mikono ileile. Hakulia. Alisimama tu mpaka mimi mwenyewe nikachoka.

Tangu jana hajala. Wewe ndiwe uliyesoma. Niambie nifanye nini.

Baba yako

---

Kisii Mjini
10 Juni 2025, saa saba mchana

Baba,

Okemwa anangoja mlangoni, kwa hiyo salamu ni fupi. Asante kwa kuniambia yote, hata la fimbo. Kesho asubuhi na mapema niko hapo na gari. Nimeshaongea na Daktari Nyangate hospitalini. Yeye ndiye atakayemtibu, kwa sababu mtu hamtibu mtoto wa dada yake.

Leo fanya hivi. Usimwache peke yake hata kidogo. Mwombe jirani mama Masese aje akae nanyi na alale hapo. Dawa za shambani na vitu vyote vya hatari avipeleke kwake. Usimhubirie, usimwombee kwa sauti akiwa anasikia makosa yake yakitajwa. Mwombe msamaha kwa zile fimbo.

Kisha muulize waziwazi: "Maureen, unafikiria kufa?" Lazima uliseme hilo neno. Akisema ndiyo, usiogope na usimkemee. Mwambie umesikia, na umtume Okemwa kwangu saa hiyohiyo.

Celestine

---

Nyamache
6 Julai 2025

Binti yangu Celestine,

Salamu. Natumaini mtoto anaendelea vizuri huko kwako. Hapa chai imekomaa shambani, sina nguvu ya kuichuma.

Siku ile ulipokuja kumchukua sikukueleza yote. Niliona aibu mbele ya mama Masese. Leo naeleza.

Barua yako ilifika mvua ikianza. Tulikaa jikoni, mama Masese amekwenda kuficha vile vitu. Nilimwomba Maureen msamaha. Kisha nikamuuliza kama ulivyoandika, neno kwa neno. Akafungua mdomo akasema mambo mengi, na sikusikia hata moja. Na unajua nilifanya nini? Niliitikia kwa kichwa. Ni mazoea.

Alinitazama. Akachukua daftari lake la hesabu akaandika, akalisukuma mbele yangu. Karatasi ninayo:

"Babu, nimekuambia ndiyo, na wewe umeitikia kama nimekuambia ugali umeiva. Mwezi wa pili nilikuambia tukichuma. Nilisema nimemkosa Mama mpaka najiumiza ili nisikie uchungu mwingine. Ulisema, Vizuri, endelea hivyo hivyo. Nilidhani umenikasirikia. Nikakuambia tena siku nyingine ukacheka. Hapo ndipo nilipojua husikii. Nikaendelea kukuambia kila siku kwa sababu hakuna mtu mwingine."

Okemwa nilimtuma, ndiyo maana ulifika usiku badala ya asubuhi.

Ni kweli, sisikii. Tangu mwaka tuliomzika Drusilla. Natazama midomo, nacheka watu wakicheka, kanisani nasema amina wengine wakisema. Niliona haya kuitwa kiziwi. Miezi minne mtoto alinieleza kila jioni kwamba anaumia, na mimi nilimwambia vizuri.

Anauliza habari zangu? Naweza kuja?

Baba yako,
Ongeri

---

Kisii Mjini
30 Julai 2025

Baba mpendwa,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa, nilitaka nikuandikie ukweli na nilikosa maneno.

Maureen yuko hai, anakula, anamwona Daktari Nyangate kila Jumatano. Wiki mbili zilizopita alijiumiza tena. Daktari anasema tusivunjike moyo, safari hii ni ndefu. Mimi ninayewaambia wazazi wa wengine maneno hayohayo nililia bafuni kama mtoto.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza yote. Akasema, "Mama mdogo, nikimwona sasa nitamwambia nini? Zamani nilikuwa naongea kwa sababu hasikii." Na zile fimbo bado anaziota. Kwa hiyo usije kwanza, Baba. Sijui ni mpaka lini.

Hospitalini kuna siku ya masikio, Alhamisi. Nenda.

Bintiyo,
Celestine

---

Nyamache
14 Septemba 2025

Binti yangu Celestine,

Nakusalimu, na Maureen pia, kama atakubali salamu zangu. Nilikwenda. Sikio la kulia limekufa, la kushoto wamelitia kifaa. Bado kinanipigia kelele za kuku na bati, lakini maneno nayapata.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Nilisimama nikasema kwamba nyumbani kwangu mtoto alijiumiza kwa miezi mingi, kwamba nilimchapa kwa hilo, na kwamba mimi ndimi niliyewafungia watafiti mlango. Nikajiuzulu uenyekiti nikaenda nyumbani.

Jana jioni akaja mwanamke mmoja anayeitwa Loice, anakaa njia ya kwenda Nyacheki. Mwanawe Lewis alikuwa kidato cha tatu shuleni hapo. Alifariki mwezi wa nne, sikukuandikia. Mazishini ilitangazwa homa ya ghafla, na mimi ndimi niliyesoma wasifu wake nikasema homa. Nilijua si homa. Alijiua.

Hakutaka chai. Aliuliza, "Mwalimu, hao watu waliomba kuingia lini?"

Nikasema, "Januari."

"Na wangemuuliza Lewis?"

"Wangemuuliza, kama ungetia sahihi."

"Ningetia," akasema. "Hata wewe hukuniuliza."

Baadaye alisema Lewis alikuwa akifunga mlango wa chumba kwa kiti, naye alidhani mwanawe anakua tu.

Bodi imekubali muingie muhula ujao. Lakini usingoje muhula. Loice ana binti, Phanice, miaka kumi na mitatu. Tangu mazishi Phanice havui sweta, na mama yake anaogopa kumwambia alivue. Mtume Damaris kesho. Mimi nitamwonyesha njia.

Baba yako,
Ongeri