Motisha ya Mwalimu Mkuu

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, mgongo wako je? Huku kuna jipya. Mwalimu mkuu ambaye shule yake itapanda kwenye mtihani wa mwisho atalipwa motisha, karibu mishahara mitatu. Nimejifunga kibwebwe. Mwalimu wa hesabu anabaki na watoto wazito wa kuelewa mpaka jioni, bila hata chai. Nikiipata, naezeka upya nyumba yako.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni kama gari bovu: haufiki haraka, ila unafika. Nimefurahi. Lakini nieleweshe: anayebaki mpaka jioni ni mwalimu wa hesabu, anayelipwa ni wewe?

Dada yako

11 Desemba

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Motisha nimepata, mabati yanakuja Jumamosi. Nisikufiche. Shule ilipanda kwa sababu mwezi wa tano niliamuru watoto tisa warudie darasa, wasifanye mtihani wakatuangusha. Ofisa elimu alinipigia makofi. Mwalimu wa hesabu alipoona orodha aliuliza, "Hawa si ndio ninaobaki nao?" Tangu siku hiyo kengele ikilia, anabeba mkoba wake. Nilimwita ofisini. Akasema, "Mkuu, nilidhani nafundisha. Kumbe nilikuwa kibarua wako."

Mdogo wako

18 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mabati yalifika, nikayarudisha na lori lilelile. Nyumba inavuja upande mmoja tu. Hao tisa wana mama zao.

Dada yako

15 Desemba, mwaka uliofuata

Dada,

Shikamoo. U mzima? Mwaka mzima kila niliposhika kalamu, niliona haya.

Januari nilimwomba radhi mwalimu wa hesabu mbele ya walimu wote. Alichukua mkoba wake, akatoka. Lakini wiki ile akabaki tena na watoto jioni. Wale tisa wote wamefanya mtihani: wanne wamefaulu. Wale watano, nimekwenda kwao mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alinipa kiti, mwingine akanifungia mlango. Shule imeshuka, motisha imekwenda kwa wengine, na ofisa hapokei simu yangu.

Jana jioni, ingawa ni likizo, nilichungulia darasani. Mwalimu wa hesabu alikuwa na kundi jipya. Hakutabasamu. Alininyooshea chaki tu: "Mkuu, chukua hao wa nyuma. Kugawanya kunawapiga chenga."

Nikavua koti, nikaingia.

Mdogo wako