Taa Nyekundu na Neno la Bibi

Idrisa mjukuu wangu, friji umelikumbuka? Ulilizima jana lisingurume mkirekodi, na vibua vyangu vimo humo. Liwashe. Kama vimeshanuka, mpe paka.

Mie naenda Kibamba. Nitarudi jioni. Hapo kwenye "jioni" nimefuta, soma "kesho".

Umeme wa Luku unakaribia kuisha, nunua mwingine. Hamisa na kikundi chake cha kaswida wanakuja kurekodi leo saa nne. Usiwachanganye na vijana wa singeli, wale waambie waje mchana. Soda za wateja ziko chini ya meza. Jirani nimeshamwomba apumzishe cherehani mpaka adhuhuri, na kuku nimewahamishia kwa Mama Salma wasiwike kwenye nyimbo za watu. Hayo yote huwa nafanya mie. Wewe unadhani studio inajiendesha.

Asubuhi hii nilisimama mlangoni mwa studio nikasema, "Idrisa, nina neno." Ukaninyooshea kidole: "Bibi, shii! Huoni taa nyekundu? Tunarekodi." Nikangoja ikazimika. Ukasema, "Subiri bibi, naongea na mteja." Jana ilikuwa hivyo hivyo, na juzi pia. Nyumba yangu mwenyewe, nanyamazishwa kama jogoo. Sijakasirika. Nimevaa tu baibui langu, naondoka.

Sasa kwa kuwa karatasi haiingii kwenye maiki yako, acha niseme. Mzee Abdulrahman wa Kibamba ameniposa. Nataka kuolewa naye, na nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Bibi yako