Kitufe Kisichotaja Jina

Shangazi, shikamoo. Macho yanaendeleaje?

Hapa Kahama nimekutana na Mama Kulwa, anayeandika miongozo ili tovuti zitumike hata na wasioona. Leo Mzee Masanja, mchimbaji aliyepofuka, alikuwa akijaza mbele yake fomu ya leseni ya uchimbaji kwenye tovuti. Asingeituma leo, shimo lake lingekwenda kwa mwingine. Simu yake, inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ilimsomea kila kitu, lakini mwishoni ikasema tu, "Kitufe."

"Kitufe gani?" mzee akaiuliza. "Kwetu hata mwizi wa ng'ombe ukimsalimia hutaja ukoo wake!"

Mama Kulwa alicheka, akayaandika maneno hayo kwenye mwongozo, akampigia mtengenezaji wa tovuti akipe kitufe jina. Tulipomaliza chai, simu ikasema, "Tuma maombi." Mzee akabonyeza mwenyewe.

Anayekusomea kadi hii, mwambie ataje jina lake kwanza. Nakupenda.

Mwanao