Watoto Saba kwa Kihehe, Wanne kwa Karatasi

Mbeya, Jumamosi, Julai 1957

Leo baridi imekaa mpaka saa nne. Vidole vilikuwa vizito hata kushika kalamu, lakini kalamu nimeishika sana.

Nilirudi likizo juzi kutoka shule ya masista Iringa, na kazi ya kwanza niliyopewa ni kusoma karatasi. Mafundi cherehani wa mjini wameanzisha chama cha matibabu. Kila fundi atatoa shilingi tatu kwa mwezi. Akiugua yeye, mkewe au watoto wake, daktari wa kulipia aliye karibu na soko atawatibu bila kudai kitu. Baba, ambaye hushona kwenye baraza la duka la vitambaa, alitaka kujua kama jambo hili lina faida.

"Tusipougua mwaka mzima, shilingi zetu zinarudi?"

Nikamwambia hazirudi.

"Basi tunamlipa daktari ili tuwe wazima."

Mama alikuwa anachambua maharage. "Ulijenga zizi pale nyuma, chui hajaja. Umekwenda kumdai aliyekuuzia miti?"

Baba alicheka, lakini sote tulijua anayezungumzwa ni dada Veronika. Ni binti wa marehemu Baba Mkubwa, yuko kwetu na wadogo zake wawili tangu nikiwa darasa la kwanza. Ana pumu. Hospitali ya Serikali hailipishi, ila kungoja zamu nje katika baridi hii humrudisha nyumbani akiwa na hali mbaya zaidi. Kwa daktari wa kulipia ni shilingi tano kila mara, na tangu Pasaka amekwenda mara nne. Sisi wengine tumeumwa jino moja tu, nalo ni langu.

Kwa hiyo kwa ajili ya Veronika chama kina faida. Bila yeye, sioni faida.

Baba akasema niandike watoto saba. Nikageuza ukurasa, maana tumefundishwa kusoma mpaka mwisho kabla ya kujaza. Nyuma palikuwa na mstari huu: mtoto ni yule aliyezaliwa na mwanachama mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo tuko wanne.

Nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Jina letu la ukoo ni moja, nani angejua? Kwa Kihehe mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, wala nisingekuwa nimesema uongo. Lakini karatasi ilikuwa ya Kiswahili, na nilielewa ilichokusudia.

Nikausoma ule mstari kwa sauti.

Veronika alikuwa mlangoni na ndoo. "Kumbe mimi mgeni," akasema. "Na vyombo nimeosha miaka yote hii." Aliyecheka ni Mama peke yake.

Mchana akaja katibu, Mzee Shomari, kuchukua karatasi. Baada ya shikamoo na chai, Baba akamwonyesha ule mstari.

"Fundi, nikiwaingiza wa ndugu yako, kesho mwingine ataniletea kijiji kizima."

"Mimi sikuleta kijiji. Nimeleta watoto wangu."

"Hata mimi nina wawili wa dada yangu nyumbani. Sikuwaandika."

"Hapo ndipo ulipokosea, Mzee Shomari."

Mzee Shomari akanywa chai yake. Baba akaniambia niandike saba, na mbele ya majina matatu niongeze "wa marehemu kaka yake", wasije wakasema tumewadanganya. Wanachama wenyewe waamue. Wakiyakata, shilingi zake tatu zitabaki nyumbani kwa ajili ya Veronika, na sisi wengine tujitahidi tusiugue.

Mzee Shomari alisoma nilichoandika, akakunja karatasi. "Mwandiko mzuri," akaniambia. "Na ugomvi mtaniletea mzuri."

Mkutano wao ni kesho alasiri. Nimejaribu kufikiri kama wao: mafundi ni wengi, na kila nyumba ina watoto wa ndugu. Shilingi tatu zitatosha? Sijui. Huenda zitakuwa nne. Nadhani Baba atalipa nne.

Sasa hivi Veronika ameniuliza kama jina lake nililiandika kwa penseli.

Nimemwambia ni kwa wino.