Tulipomhamisha Baba

Kocholia,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka yangu mpendwa Ojakol,

Yoga! Nakuamkia kwa lugha ya nyumbani. Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye kifua kimempa nafasi kidogo wiki hii. Natumaini joto la Mombasa halijakumaliza na ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umepata nafuu. Sisi huku tuko wazima. Mahindi yameota vizuri, isipokuwa upande ule ambao kuku wa jirani wameamua ni wao.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu yangu ni ya Mama kuliko yangu; ikilia tu, anataka sauti iongezwe amsikie mwanawe. Kwa hiyo nimeandika, na Matthew, yule dereva wa trela aliyeoa kwetu, atakukabidhi mkononi. Ukimaliza kusoma, ichome.

Uliniuliza mji unaendeleaje. Malaba uliyoiacha usiitafute. Pale Quinter alipokuwa akikaanga samaki pana ghorofa, benki chini na vyumba vya kulala juu. Upande wa reli nyumba za udongo zimeondoka, kumebaki maghala yenye milango ya chuma. Nilipokwenda Busia kumwona rafiki yangu Selpha nilipotea mtaa wa Marachi, mimi niliyesomea ushonaji hukohuko. Waliosukumwa kutoka katikati ya mji wamejazana mtaa wa Burumba, vyumba vimebanana hadi mtu akikohoa, jirani anamwambia pole kupitia ukutani. Mayenje tulikookota kuni wanapima ploti. Watu wanaita haya maendeleo, na huenda ni kweli, lakini mimi sijaona mtu wa kwetu aliyeendelea. Tumesogezwa tu.

Nyumbani kwetu Malaba ulikujua kulivyokuwa. Gesti ya Onyuka upande huu, yadi ya matrela upande ule, na Mama katikati akianika wimbi lake kwenye moshi. Alipokubali kuuza boma alitoa sharti moja, na wewe ulilisikia: Baba ahamishwe, aje naye huku Kocholia, na yeye akifa alazwe ubavuni mwake. Sote tulisema ndiyo.

Siku ya kufukua, baba mdogo Ekisa alimzuia Mama asije, akasema macho ya mjane hayafai kuona mambo yale. Tulikwenda mimi na yeye na vijana wa majembe. Mama alikuwa ametuelekeza chini ya mti wa siala, nyuma ya jiko. Lakini mti ulikatwa walipopitisha nyaya za umeme, na jiko tulilibomoa wenyewe tukajenga vyumba vya kupangisha. Tulichimba hapa, tukachimba pale, ua ukawa kama shamba la viazi lililoingiliwa na nguruwe. Mwisho tukafika kwenye ukuta wa gesti. Unakumbuka Onyuka alipousogeza ukaingia kwetu kidogo, tukanyamaza kwa kuwa alitupatia maji ya mfereji.

Fundi aliyechimba shimo la choo cha gesti, lililo nyuma ya ukuta huo, bado yuko Malaba, na Ekisa alimtafuta. Alivua kofia, akasema ni kweli walikuta mbao zilizooza na vipande vya nguo, wakadhani ni takataka za zamani. Udongo wote ulipakiwa kwenye lori ukaenda kujazia matope ya yadi. Alisema hakujua, na mimi namwamini. Nilitoka nikasimama pale yadini. Matrela yalikuwa yamepangwa, madereva wanachemsha chai, na sikujua nitazame wapi.

Sasa, kaka, nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Sanduku lililoletwa Kocholia lilikuwa na udongo. Ekisa aliuchota hapohapo uani, mimi nikauviringisha kwa shuka jeupe usitikisike njiani, tukapigilia misumari. Padri alilibariki. Mama alililia, na wewe ulilia kwenye simu nikakusikia. Baba hayuko hapa. Hayuko mahali popote ninapoweza kukuonyesha kwa kidole.

Ningeweza kunyamaza, ila umesema Desemba utakuja na fundi kujenga kaburi la wawili, la vigae, lenye jina lake. Nimeshindwa kukuacha uandike jina la Baba pale bila kujua. Usiniulize tufanye nini, nimefikiri hadi nimechoka. Tukimwambia Mama, tutamuua. Tusipomwambia, tutamlaza kando ya udongo wa uani.

Na naona moyo wake umeanza kuhisi kitu. Kule Malaba, unajua, Baba alikuwa akimjia ndotoni na kumgombeza kuhusu ng'ombe, na asubuhi anatusimulia akicheka. Tangu tuhamie huku hajamwota hata mara moja. Anaamini Baba amemkasirikia kwa kuuza boma. Kila jioni anabeba kigoda chake anakwenda kukaa pale kaburini akimwomba msamaha, nami nasimama nyuma nimemshikia shali. Jana aliniambia nimwombee na mimi, pengine Baba atamsikiliza mtoto wake. Ojakol, nilipiga magoti nikaomba.

Mwanangu Asio na wadogo zake wanakusalimu sana. Nisalimie Loise na wote wa nyumbani kwako. Mungu akutunze hadi tutakapoonana.

Ni mimi dada yako,
Benedetta