Kisu Hugongwa Mara Mbili

Mama, shikamoo. Nje Mwanza kuna joto, ila humu kiwandani navaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya kuhifadhia samaki.

Kazi yangu ya mafunzo ni kuufanya mkono wa roboti uelewane na kompyuta za kiwanda: moja inaendesha mkanda unaobeba samaki, nyingine mizani, nyingine majokofu. Wiki nzima mkono umemwaga minofu ya sangara sakafuni, mpaka bosi akasema Ijumaa ukimwaga tena utang'olewa. Nikahangaika na nyaya bure.

Jana Mama Kulwa, anayechuna samaki meza ya jirani, alichoka kunitazama. "Wewe binti, mashine yako haina adabu." Akanionyesha. Akimaliza trei anagonga kisu mezani mara mbili, na haisukumi mpaka mwenzake agonge kujibu. Mkono wangu ulikuwa unautaarifu mkanda na kusukuma minofu papo hapo, hata kama mkanda bado umejaa. Nikaongeza mistari michache ya programu ili usubiri jibu.

Leo ndiyo Ijumaa, na hakuna mnofu ulioanguka. Mama Kulwa kanipa kichwa cha sangara, nimekila na ugali wa muhogo.

Mama, kila asubuhi unanitumia ujumbe, "Umeamka salama?" Nasoma, narudisha simu mfukoni bila kukujibu, naenda kazini. Leo nimeamka salama. Jana pia, na juzi. Na wewe, mama, umeamkaje?

Neema wako