Dole Gumba la Mama

Mshauri mpendwa,

Nimeandika na kufuta mara nne, naomba msaada wako na usinihukumu kabla hujafika mwisho. Mama yetu ana miaka sabini na moja, ni fundi cherehani, ametulea kwa kushona sare za shule, na Jumatano saa nne asubuhi alikuwa anakata kola mkasi ukamponyoka, akasema mkono wa kulia hausikii, kweli ukawa unaning'inia tu, na siku hiyohiyo kaka yangu alikuwa amekuja na karatasi ya kuhamishia nyumba kwenye jina lake, ambayo mama ameshaikataa mara tatu, basi kaka akacheka akasema mama kaanza maigizo, na mimi nikacheka, maana tangu niachike naishi pale na kaka ameniahidi vyumba viwili vya uani.

Alipopewa kalamu ikaanguka. Kaka akasema dole gumba linatosha. Mimi ndiye niliyemshika mama mkono nikakibonyeza kidole kwenye wino na kwenye karatasi, wala hakuuvuta kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuuvuta, akaniangalia akasema, "Huo mkono siusikii, mwanangu. Sijui mnamsainisha nani."

Tangu hapo hajasema nami. Jirani anasema ameulalia vibaya, wifi anamkanda kwa mafuta, mwingine anasema katupiwa kitu. Nikitaja hospitali kaka anasema tusubiri Jumatatu karatasi ipokelewe ofisi ya ardhi, kwani daktari atauliza ugonjwa umeanza lini na ataandika. Leo Ijumaa akinywa chai nimeona mdomo umeenda upande. Je, nimpeleke nigombane na kaka, au nivumilie hadi Jumatatu?

Niliyeshika Mkono

MSHAURI ANAJIBU

Pole ninayo, ila nampa mama yako kwanza.

Mkono wa mtu mzima ukiishiwa nguvu ghafla, sababu ni nyingi. Jirani yako hajakosea kabisa: neva ikibanwa mtu akilalia mkono, au ikibanwa shingoni, mkono unaweza kulegea. Sukari nayo huleta mambo. Damu isipofika mkononi, mkono hupoa, hupauka na kuuma. Lakini inayotangulia kuogopwa ni kiharusi, yaani mshipa wa damu umeziba au umepasuka kichwani, na mdomo ulioenda upande unanifanya nikiogope zaidi. Kutofautisha ni kazi ya daktari na vipimo, si ya wifi na chupa ya mafuta. Saa za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa kwa matibabu, na ninyi mlizitumia kutafuta wino.

Unaniuliza kama usubiri. Dada, hadi unaandika ulishasubiri siku mbili. Kiharusi kimoja kinaweza kufuatwa na kingine, na hicho hakitaangalia kalenda ya kaka yako.

Mpeleke leo, hospitali yenye kipimo cha kichwa. Usimpe aspirini ya kuazima, maana kama damu imevuja utamwongezea balaa. Kama anapaliwa akinywa, usimpe chakula wala kinywaji. Daktari akiuliza ilianza lini, sema Jumatano saa nne asubuhi, na useme hivyo hata kaka akiwa amesimama pembeni. Jumatatu nenda kwenye hiyo ofisi ya ardhi kabla yake, ueleze kidole kilibonyezwa na nani. Vyumba vya uani sahau. Na usimwombe mama msamaha leo ili wewe upate usingizi; kwanza atibiwe.

Hili gazeti linatoka Jumapili, nami sikutaka kungoja. Jana nilipiga namba uliyoandika chini ya barua, mara tatu. Mara ya tatu alipokea mwanamume akasema hapo hakuna mgonjwa.

Kama alipopokea na wewe ulikuwa chumba hichohicho ukanyamaza, basi hukuhitaji ushauri. Kama hukuwepo, soma hadi hapa, weka gazeti chini, ukamvalishe mama viatu.